Vyombo vya Mama Vilivyokataa Kukauka

Trochtelfingen,
Jumapili, 17 Novemba 2019.

Mpendwa kaka Eckhart,

Pokea salamu kutoka nyumbani, ambako baridi imeanza kuuma na jiko la kuni tunaliwasha tangu wiki jana. Hujambo? Wifi Maureen hajambo? Mgongo wako je? Natumaini umepoa, maana nataka ukae kitako uisome barua hii mpaka mwisho bila kuruka kurasa, kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Mimi sijambo, isipokuwa miguu. Mama hajambo. Narudia, Mama hajambo. Narudia kwa sababu tangu Septemba wewe na binamu yetu Roswitha mnamzungumzia kana kwamba kilichobaki ni kuchagua maua ya jeneza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo ningekutukana, na si vizuri wifi asikie. Kwenye karatasi nalazimika kutafuta maneno, na nikikasirika sana naweza kwenda dirishani kwanza. Mpaka sasa nimeshakwenda mara mbili.

Habari yenyewe ni ile mashine ya kuosha vyombo. Nakiri kwamba uliinunua kwa moyo mzuri. Mama alitimiza miaka themanini na tisa mwezi wa Machi, wewe ukaiagiza ukiwa hukohuko Adelaide, na wanaume wawili wakaileta mpaka jikoni wakaifunga mahali palipokuwa na kabati la viazi. Siku hiyo ulimpigia Mama ukamwuliza kama mashine imefika salama. Hukumwuliza viazi tumevipeleka wapi.

Aprili na Mei ilifanya kazi vizuri. Tunaiwasha kila baada ya siku mbili, ikijaa, maana wewe unajua nyumba hii, hakuna anayewasha umeme kwa sababu ya sahani tatu. Nikitoka kazini pale duka la dawa saa nane mchana, tunakula, napanga vyombo ndani, nabonyeza, napanda zangu ghorofani kunyoosha miguu. Nikishuka, vyombo vikavu. Nilikusifia kwa watu, ujue. Nilisema kaka yangu hatujamwona miaka kumi na tisa lakini mkono wake umefika.

Halafu wiki ya Pentekoste vikaanza kutoka vimelowa chapachapa. Vilikuwa safi, hilo sikatai, lakini maji yanachuruzika kwenye sahani, vikombe vimejaa vidimbwi kwenye matako, vijiko vimeshikana. Kila nikishuka namkuta Mama kwenye kiti chake, kitambaa mapajani, ananiambia vyombo vimelowa tena. Basi nakaa, nachukua kitambaa cha pili, tunakausha.

Nikakuandikia. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mtu akimweleza injinia wa pampu kwamba kitu kimelowa, injinia huyo hapati usingizi. Ukanitumia kurasa nne zenye maelekezo kumi na moja, kila moja na namba yake, na mchoro wa jinsi kijiko kinavyopaswa kulala. Umestaafu, Eckhart. Nenda kavue samaki.

Lakini nilifuata yote. Sitaki uje useme dada yako ni mvivu. Nilipiga simu ofisi ya maji nikauliza maji yetu yana chokaa kiasi gani, wakanipa digrii, nikaipanga mashine kwa digrii hizo nikiwa nimepiga magoti na kitabu cha maelekezo cha kurasa sitini na nne. Nilijaza chumvi yake. Nilijaza ile dawa ya buluu ya kung'arisha vyombo, nikapandisha kipimo kutoka tatu mpaka tano kama ulivyoamuru. Nilisafisha kichujio, ndani mkawa na punje moja ya dengu, tena nzima. Niliinamisha vikombe. Nilitenganisha sahani. Niliondoa makopo yote ya plastiki, ukasema plastiki haishiki joto kwa hiyo haikauki, sawa, yakaondoka. Kipengele cha sita kiliniambia nitumie mpangilio wa digrii sabini, wakati jirani mwenzetu anatumia wa hamsini na vyombo vyake vinakauka kama mifupa.

Katika kipengele cha tisa ulitaka niweke kipimajoto cha nyama ndani ya mashine ili tujue kama kipasha maji kinafanya kazi. Nilikiweka. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, nimesimama jikoni na kipimajoto cha nyama, namngoja kaka yangu wa Australia aridhike. Mashine ilipokwisha kilisoma digrii ishirini na tatu. Ukaandika kwamba kipasha maji kimekufa. Ukaagiza kingine. Kikafika Julai, na kingali kwenye boksi lake nyuma ya mlango wa chini, kwa sababu siku nilipokaa jikoni ili niisikilize mashine tangu mwanzo mpaka mwisho, ilipasha maji vizuri na vyombo vikatoka vya moto, vikavu kabisa. Nikadhani imejitengeneza. Keshokutwa yake vikatoka vimelowa.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe uliirusha fimbo hiyo miezi mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nainama kuiokota.

Sasa kipengele cha kumi na moja. Nakinukuu neno kwa neno, maana karatasi ninayo hapa: "Hakikisha mtumiaji anaelewa maelekezo na habonyezi vitufe ovyo." Katika kurasa nne nzima umemtaja Mama mara moja tu, na ukamwita mtumiaji.

Septemba akaja Roswitha kunywa kahawa ya Jumapili. Unamjua. Kabla hajatoa salamu alikagua ngazi za nje kama zimefagiliwa, kwa kuwa kibao cha zamu ya kufagia, kile kinachozunguka kwa majirani, kilikuwa kimetundikwa mlangoni kwetu. Tulikuwa na mkate wa kusuka na jamu ya plamu. Mama akamwekea kifudifudi kikombe kilichotoka kwenye mashine muda huohuo, Roswitha akakigeuza, na maji yaliyokuwa matakoni yakammwagikia kwenye sketi yake mpya. Akaanza kutazama huku na huku. Akaona vikombe kumi na viwili vimepangwa juu ya kitambaa mezani, akatoa simu akapiga picha.

Mama akamwuliza, "Unapiga picha ya nini, Roswitha? Hujawahi kuona kikombe?"

"Nampelekea Eckhart, shangazi. Ajue mnavyoishi."

"Mpelekee na mkate basi. Mkate ndio tunaoishi nao."

Roswitha hakucheka. Alipoondoka alinivuta pembeni pale ukumbini akaniambia kwamba mtu asiyeweza mashine yenye vitufe vinne hawezi kuachwa peke yake na jiko la kuni. Nikamwambia Mama hayuko peke yake, mimi niko juu yake, ngazi kumi na nne. Akasema, "Wewe mwenyewe umechoka, Hiltrud. Jitazame kwenye kioo." Nilijitazama. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisema kweli.

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha yako. Nyumba ya wazee iliyoko chini mjini ina chumba kuanzia tarehe mosi Desemba, kinachoangalia bustani, na wanahitaji saini mbili za watoto kama marehemu baba alivyoandikisha kwa mwanasheria kuhusu mambo ya Mama. Yako ilikuwa imeshawekwa. Uliandika kwamba si jambo la mashine tu, kwamba siku moja Mama alikusimulia hadithi ya ng'ombe mara mbili katika simu moja. Eckhart, Mama anasimulia hadithi ya yule ng'ombe mara mbili tangu mimi niko darasa la kwanza.

Sasa soma polepole, kwa sababu hapa sikupigi wewe peke yako.

Nilisaini. Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na mbili Oktoba. Tangu asubuhi watu walikuwa wakinunua dawa za mafua na kunikohoa usoni. Nilifika nyumbani miguu imevimba, nikapanga vyombo, nikapanda kulala kidogo. Nikasikia ananiita. Nikashuka, nikakuta mzigo mzima umelowa, na Mama kakaa pale, kitambaa chake mapajani na changu kimetandazwa juu ya kiti changu, ananitazama. Nilikausha sahani kumi na nane, nikapanda, nikasaini, nikashuka tena na koti nikaitia barua kwenye sanduku la posta kabla sijabadili mawazo. Wala Mama sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kukikaribia.

Kwa hiyo usidhani nakutazama kutoka juu. Tulikuwa wawili, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Ungeuliza basi ilikuwaje nikamwita fundi wakati nilikuwa nimeshamuuza Mama. Ni kwa ajili ya Roswitha. Aliposikia chumba kimepatikana alisema mashine ile itamfaa binti yake anayehamia Reutlingen, ila kwanza mimi niitengeneze, maana binti yake hawezi kukaa na mashine ya kulowesha. Niliuma meno. Lakini nikamwita fundi Sautter, yule mliyekuwa mkimfichia viatu shuleni. Sasa ndiye mtu pekee katika milima yote hii ya Alb anayekuja siku uliyomwita.

Alikuja Alhamisi tarehe saba. Hakufungua kitabu. Hakuuliza digrii za chokaa. Alifungua mlango wa mashine, akainama, akaangalia kile kidirisha kidogo kinachoonyesha dawa ya buluu imebaki kiasi gani.

"Hii dawa umeijaza lini?"

"Juni," nikamwambia. "Eckhart alisema niijaze pomoni."

"Na tangu hapo hujaongeza?"

"Haijapungua."

"Ndiyo maana nakuuliza." Akajinyoosha, magoti yakalia. "Dada Hiltrud, hii dawa mashine inainywa mwishoni kabisa, kwenye yale maji ya moto ya kusuuzia. Miezi mitano bila kunywa, maana yake haijafika mwisho. Vyombo vikitoka, vya moto au vya baridi?"

"Baridi."

"Basi. Kuna mtu anaizima."

Nikamwambia haiwezekani, katika nyumba hii tuko wawili, na mimi nakuwa juu. Sautter akafunga sanduku lake la vifaa. Hakutaka hata hela ya safari, alikubali chupa ya mvinyo wa tufaha. Mlangoni akasema, "Injinia wetu kasemaje?"

"Kipasha maji kimekufa."

"Mpe salamu," akasema. "Mwambie mashine ni nzima kuliko sisi wote."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekitafuta katika kurasa sitini na nne.

Jumamosi tulikula dengu na tambi za mayai. Nikapanga vyombo, nikabonyeza, nikamwambia Mama naenda kujilaza. Nikapanda ngazi kwa vishindo, nikafungua mlango wangu, nikaufunga kwa nguvu. Halafu nikavua viatu, nikashuka kwa soksi, nikasimama ukumbini nyuma ya makoti. Niliona aibu, usidhani sikuona. Mtu mzima kumvizia mama yake.

Alikuwa amevuta kiti chake karibu na mashine. Alikuwa anafuma soksi, yale macho yake mawingu mawingu yakitazama dirishani, lakini sikio lilikuwa kwenye mashine. Mashine ikaosha. Ikamwaga maji. Ikavuta mengine. Kila ikibadili sauti sindano zake zinasimama kidogo, halafu zinaendelea. Dakika hamsini na kitu hivi. Ikamwaga tena, ikanyamaza. Hapohapo akaweka ufumaji chini, akasimama bila fimbo, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuwashia. Nikamsikia akihesabu, moja, mbili, tatu. Taa ikazimika. Akangoja mabaki ya maji yavutwe, akafungua mlango, akagusa kikombe kimoja ndani kuhakikisha kimelowa. Akachukua vitambaa viwili, kimoja akakiweka kwenye kiti chake, kimoja kwenye changu. Akageukia ngazi akaita, sauti ya kuchoka kabisa, "Hiltrud. Vyombo vimelowa tena."

Nikatoka nyuma ya makoti. Hakushtuka. Alisema, "Umeshuka upesi leo."

"Mama, unafanya nini?"

"Nazima."

"Tangu lini?"

"Pentekoste."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu hapo ndipo anapotaka kuchemsha maji upya, huyu dubwana. Vyombo vishakuwa safi, nini cha kuchemsha? Achemshe maji ndoo nzima ili kikombe kikauke, wakati hewa iko bure na wewe Mungu kakupa mikono miwili?"

Nilitaka kucheka, Eckhart. Nilifikiri ndiyo hiyo tu. Ubahili wetu wa Kiswabia, wa watu wa milima hii, ule wa kuzima taa mtu angali anapanda ngazi, umetuhangaisha tangu Juni na kumleta fundi. Nikakaa, nikachukua kitambaa, nikamwambia, "Si ungeniambia tu? Nimepiga magoti, nimepima chokaa, nimeweka kipimajoto cha nyama mle ndani."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nakungoja uniulize."

Akachukua sahani, akaikausha pande zote mbili kama anavyofanya yeye, na mgongo wa sahani pia. Akasema, "Kabla huyu hajaja ulikuwa unakaa hapa nusu saa kila siku. Mimi naosha, wewe unakausha. Unaniambia nani kanunua dawa gani, nani anakohoa, nani kafa. Alipokuja huyu ukawa unakula umesimama. Unabonyeza, unaniuliza nimekunywa vidonge, unapanda. Nikakaa hivyo miezi miwili nikiisikiliza mashine. Mpaka nikaijua. Nikasema haya, binti yangu anashuka kwa ajili ya vyombo tu, basi vyombo atavipata."

Nilikausha.

Kumbuka, kaka, huyu ndiye mtu asiyeweza vitufe vinne. Amejifunza mashine yako kwa masikio, katika miezi miwili, bila kitabu, mpaka anajua dakika ambayo maji ya baridi yanaisha na ya moto hayajaanza. Wewe injinia ulishindwa. Mimi nilishindwa. Kwenye ile karatasi tuliyotia saini imeandikwa kwamba "hamudu tena vifaa vya kawaida vya nyumbani".

Ningependa barua iishie hapo. Ningekuwa nimekupiga vya kutosha na ningelala vizuri.

Tulipofika kwenye vijiko akaniuliza, bila kuinua macho, "Ile karatasi umeshaituma?"

Nikamwuliza karatasi gani, kwa ujinga.

Akaniambia nifungue droo ya vitambaa vya meza. Mle mlikuwa na barua ya ile nyumba ya wazee, imeandikwa kwa jina lake, maana ndiye mkazi, wao wametenda haki kuliko sisi. Ilikuwa imefika tarehe ishirini na tisa Oktoba. Wanamkaribisha, na wameorodhesha vitu vya kuleta: nguo za ndani jozi kumi na mbili, viatu visivyoteleza, picha za familia zisizozidi nne, na kila nguo ishonwe jina lake, pamoja na soksi. Alikuwa ameisoma yote kwa miwani yake ya kukuzia. Alikaa nayo siku kumi na moja. Siku hizo zote tulikausha vyombo pamoja, na mimi sikusema, na yeye hakusema.

"Soksi," akasema. "Nimezifuma mwenyewe, halafu nizishone jina nisije nikazipoteza."

Nikaanza kulia. Nikamwomba radhi. Nikamwambia Eckhart alisema, Roswitha alisema, nilikuwa nimechoka, miguu. Aliniacha niseme yote. Unamjua, hapandishi sauti.

Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, kwa sababu ni yako pia:

"Rafiki yangu Hedwig yuko kule tangu mwaka juzi. Ameniambia kuna mtu wa kucheza naye karata kila mchana, na hakuna kubeba kuni. Mimi goti hili limekwisha, najua. Mwezi wa tisa mmoja wenu angekuja akakaa hapa akaniuliza, Mama, ungependa kwenda? Ningekwenda. Ningejishonea hayo majina mwenyewe."

Akaweka kijiko cha mwisho kwenye droo.

"Sasa siendi. Hata mkinibeba."

Nilimshika mkono nikamwambia, haya Mama, nakuuliza sasa. Unataka kwenda au kukaa?

Akautoa mkono wake taratibu. "Sasa unauliza kwa sababu umeshikwa," akasema, akachukua ufumaji wake.

Jumatatu niliomba ruhusa duka la dawa nikaenda kule mwenyewe kwa miguu, nikaondoa saini yangu. Yule dada wa mapokezi alikuwa mpole. Alisema chumba cha bustani kitapewa mtu mwingine kabla ya Ijumaa, orodha ni ndefu, na ukiisha kutoka unaanzia chini, miaka miwili au zaidi. Nikamwambia sawa. Nilipita dirishani nikamwona Hedwig na wenzake watatu wanacheza karata, na nafasi moja mezani haina mtu. Nilirudi nyumbani sikumsimulia Mama hilo.

Kwa hiyo usinitumie karatasi nyingine. Ikija nitawashia jiko. Roswitha nimeshamwambia mashine haitoki, na binti yake anunue kitambaa. Kipasha maji chako nitakuwekea, uje ukichukue mwenyewe. Vyombo vinaendelea kutoka vimelowa na mimi nashuka, lakini hatuzungumzi kama zamani. Nashuka, anakausha, nakausha. Namwambia nani anakohoa. Ananijibu ndiyo, hapana. Nimemwondolea nafasi yake kule na sijamrudishia ya hapa, na hilo, kaka, halimo katika maelekezo yako kumi na moja wala katika kitabu cha kurasa sitini na nne.

Ulikuwa unataka kujua tatizo liko wapi. Ulichunguza chumvi, dawa, chokaa, kichujio, joto, na namna kijiko kinavyolala. Nami nilichunguza nyuma yako. Mtu mmoja alikuwa amekaa palepale mbele ya mashine tangu Juni, na jibu analo.

Nisalimie wifi Maureen, na wapwa zangu Silke na Torben, waambie shangazi yao anawakumbuka na bado anawafumia. Fundi Sautter anakusalimu kwa namna yake. Roswitha sikumwomba salamu. Mungu akupe afya, akulinde na jua la huko, na akujalie usizeeke ukiwa mkononi mwa watu wenye haraka.

Mama nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Amesema hana salamu za kutuma, namba yake ya simu unayo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo ambapo imekuwa kazi ngumu,

Hiltrud